Chuma Katika Nyonga ya Mama

Nataka kukusimulia habari ya mama mkwe wangu, na jinsi sisi watoto wake tulivyokaribia kukosana kwa ajili ya kipande cha chuma. Nasimulia kwa ruhusa yake mwenyewe. Nilipomwomba alinijibu, "Waeleze wenzio mwanangu, huenda yuko mama mwingine anayeumia kimya kimya kama nilivyoumia mimi."

Mama anakaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Ni mjane, mkulima wa michungwa na minazi, na kwa miaka mingi alikuwa kiongozi wa akina mama katika kanisa lake. Mimi ni muuguzi. Kama ujuavyo, mke akiwa muuguzi, ukoo mzima huifanya nyumba yake kuwa zahanati. Kwa hiyo mwaka 2014, mama alipoanza kulalamika kwamba goti lake la kulia linamwuma, habari zilifika kwangu kwanza.

Nililitazama lile goti. Halikuwa limevimba, wala halikuwa na joto. Nikampa dawa ya kuchua na vidonge vya diklofenaki, nikamwambia ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni baada ya chakula, kwa siku tano. Alipata nafuu, akanishukuru sana, nami nikarudi kazini kwangu nikiwa na furaha ya kumsaidia mkwe.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Katika chuo cha uuguzi tulifundishwa kwamba maumivu ya nyonga mara nyingi husikika gotini, kwa sababu baadhi ya neva zinazoihudumia nyonga ndizo pia zinazolihudumia goti. Kama ningemlaza mama chali na kuuzungusha mguu wake polepole kuelekea ndani, angeshtuka kwa maumivu ya kinena, nami ningejua. Kama ningemwuliza tu, "Mama, unaweza kuinama ukakata kucha za miguu?", angeniambia kwamba kwa mwaka mzima kucha zake zilikuwa zinakatwa na mjukuu. Sikumwuliza.

Miaka ikapita. Kila nilipokwenda likizo nilimpelekea pakiti ya vidonge, kama vile mtu anavyopeleka sukari na kanga. Niliona anachechemea, nikajiambia ni uzee. Kumbe vile vyangu vilipokwisha alikuwa ananunua vingine katika duka la dawa, na badala ya viwili kwa siku alikuwa anameza vinne.

Mwaka 2017 mdogo wake mama alinipigia simu usiku. Mama alikuwa anapata choo cheusi kama lami, na alikuwa ameanguka akitoka msalani. Tulipomfikisha hospitali alikutwa na kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Aliongezewa chupa mbili za damu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikiwa nimevaa nguo za kiraia, siyo sare, na kwa mara ya kwanza nilijiona mgeni katika wodi. Dawa ile niliijua, na hatari zake nilizijua: hujeruhi tumbo, huweza kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Nami ndiye niliyemzoesha.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Nilipomwuliza mama kwa nini alificha, alisema, "Sikutaka kuwasumbua. Na bila vile vidonge nisingeweza kupiga magoti kanisani." Sikuwa na la kusema.

Siku chache baadaye alipigwa eksirei. Mwenye nyonga nzima huonekana nafasi nyembamba nyeusi kati ya mfupa wa paja na mfupa wa nyonga. Hiyo ni nafasi ya gegedu, ule utando laini unaozuia mfupa usisage mfupa. Kwa mama nafasi hiyo haikuwepo kabisa upande wa kulia. Daktari bingwa wa mifupa alisema hakuna dawa itakayorudisha gegedu lililokwisha, na kwamba, kwa kuwa sasa hawezi kuendelea na vidonge vile, njia iliyobaki ni kumbadilishia nyonga.

NYONGA BANDIA NI KITU GANI?

Nyonga ni kiungo cha mpira na kikombe. Sehemu ya juu ya mfupa wa paja ina kichwa cha mviringo kama mpira, na mfupa wa nyonga una shimo kama kikombe linalokipokea kichwa hicho. Katika upasuaji, daktari hukata kile kichwa kilichoharibika, husafisha kikombe na kuweka kingine, kisha huingiza shina la chuma ndani ya mfupa wa paja. Juu ya shina hilo hukaa mpira mpya. Wengine huwekewa saruji maalumu ya kushikilia. Kwa wengine chuma huwa na uso wa kukwaruza ili mfupa wenyewe uote na kukishika.

Watu wamejaribu kazi hii kwa muda mrefu. Huko Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1890, daktari Themistocles Gluck alitengeneza viungo vya pembe za ndovu. Mwaka 1938 daktari Philip Wiles wa London alijaribu nyonga ya chuma kisichoshika kutu. Lakini aliyefungua njia hasa ni Mwingereza mwingine, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Mwanzoni alitumia kikombe cha Teflon. Wagonjwa wapatao 300 walipata nafuu ya ajabu, kisha baada ya miaka michache Teflon ikalika, na vumbi lake likaudhi mwili, ikabidi wapasuliwe tena. Charnley hakukata tamaa wala hakujificha. Alijipandikiza vipande vya Teflon na vya plastiki mpya katika paja lake mwenyewe ili aone mwili utavipokeaje. Mnamo Novemba 1962 alianza kutumia kikombe cha plastiki hiyo ngumu, polithini, pamoja na mpira mdogo wa chuma. Nyonga nyingi zinazowekwa hata leo ni wajukuu wa ile nyonga.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu katika neno hili "kulika" ndimo ulimokuwa ugomvi wetu.

SIMU KUTOKA UINGEREZA

Dada mkubwa wa mume wangu, yaani wifi yangu, anaishi Uingereza, ambako anafanya kazi ya kutunza wazee. Nyonga yake moja haikukaa sawasawa tangu utotoni, na mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 41, aliwekewa nyonga bandia. Tulipomweleza kuhusu mama, alipiga simu na kuniomba nizungumze naye peke yangu.

"Wifi," alisema, "kama unampenda mama yangu, usiruhusu wamtie chuma. Mimi kimenila."

Kwa kweli nilikasirika. Nilijiambia moyoni: yeye yuko mbali, hajui kumwinua mama usiku wa manane kumpeleka msalani, hajasikia anavyolia kwenye shuka ili wajukuu wasisikie. Nilimjibu kwa adabu lakini kwa ukavu. Mume wangu alikaa kimya kati ya dada yake na mkewe, na kwa wiki mbili nyumbani kwetu tuliongea habari za ada za shule na bei ya mchele tu. Wapo na akina mama wa kanisani waliokuja kumwombea mama, na mmoja wao akasema kwa upole kwamba mwenye imani hahitaji kuingiziwa chuma katika mwili ambao Mungu ameuumba. Mama alisikiliza yote, hakujibu.

Usiku mmoja nilijiuliza kwa nini nina haraka hivyo. Jibu lilinitia aibu. Sikuwa natafuta tu nafuu ya mama. Nilikuwa natafuta kufuta kosa langu la vidonge. Upasuaji ukienda vizuri, mimi ningekuwa mkwe mwema tena. Kesho yake nilimpigia wifi, nikamwambia, "Nisamehe. Nieleze yaliyokupata, tangu mwanzo, nami nitaandika."

Alinieleza. Nyonga aliyowekewa ilikuwa ya aina ya chuma juu ya chuma: mpira wa chuma ukizunguka ndani ya kikombe cha chuma. Wakati ule madaktari wengi waliona kwamba hii ndiyo inayowafaa watu wenye umri mdogo na kazi nyingi, maana plastiki hulika, na chuma kilidhaniwa hakitalika upesi. Miaka minne alikwenda vizuri, akasahau hata upande uliopasuliwa. Mwaka wa tano maumivu ya kinena yakaanza. Kipimo cha damu kikaonyesha madini ya kobalti na kromi yamezidi, na picha zikaonyesha uvimbe wenye majimaji kuzunguka nyonga. Vyuma viwili vilipokuwa vikisuguana vilitoa chembechembe ndogo sana, na chembechembe hizo zikawa zinaharibu nyama na mfupa wa jirani. Ilibidi apasuliwe mara ya pili na kubadilishiwa yote, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Hakuwa peke yake. Mnamo Agosti 2010 aina mojawapo ya nyonga hizo, tofauti na ile ya wifi, iliondolewa sokoni dunia nzima baada ya takwimu kuonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100, kama 12 au 13 walikuwa wamehitaji kupasuliwa tena ndani ya miaka mitano. Watu wapatao 93,000 walikuwa wamewekewa aina hiyo. Wanawake waliumia zaidi kuliko wanaume. Baada ya hapo madaktari karibu wote waliacha kuweka nyonga za chuma juu ya chuma zenye shina.

Nilipoweka simu chini nilikuwa nimejifunza jambo. Wifi hakuwa anasema kwa ushamba wala kwa wivu. Alisema kweli. Lakini kweli yake ilihusu aina moja ya nyonga, na mimi sikujua mama angewekewa aina ipi. Muuguzi mzima, sikuwa nimeuliza!

Tulirudi kwa daktari, mimi, mume wangu na mama, na karatasi yangu yenye maswali. Daktari hakuchukia. Alituchorea picha. Shina la mama lingekuwa la titani, madini mepesi ambayo mfupa huyapenda. Mpira ungekuwa wa chuma cha kobalti na kromi. Lakini kikombe kingekuwa na bitana ya plastiki ngumu iliyoimarishwa kuliko ile ya zamani ya Charnley. Yaani chuma juu ya plastiki, siyo chuma juu ya chuma. Alisema pia kwamba ipo mipira ya kauri, ambayo hulika kidogo sana, ila ni ghali zaidi na mara chache huweza kuvunjika. Kwa mama mwenye umri wa miaka 72, alisema, chuma juu ya plastiki kinatosha.

FAIDA NA HASARA

Yale tuliyoelezwa, pamoja na niliyoyasoma na kuyaona wodini, nayaweka hapa kwa kifupi.

Faida ya kwanza ni kuondoka kwa maumivu. Mgonjwa huamka na maumivu ya kidonda, lakini yale ya mfupa kusaga mfupa huwa yamekwisha, na wengi husimama kwa magongo siku ile ile au kesho yake. Faida ya pili ni usingizi, ambao wenye nyonga mbovu huukosa. Ya tatu ni kupunguza au kuacha kabisa vidonge vinavyojeruhi tumbo na figo. Ya nne ni uimara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, kwa kutumia kumbukumbu za Australia na Finland, ulionyesha kwamba kati ya nyonga bandia 100, karibu 58 hudumu kwa miaka 25.

Hasara nazo zipo, na asiyekuambia hakutakii mema. Vijidudu vinaweza kuingia na kukaa kwenye chuma, ambako dawa hazifiki vizuri. Hutokea kwa mgonjwa kama mmoja kati ya 100, lakini akiwa ni wewe huo mmoja ni mateso makubwa. Ndiyo maana jino bovu, kidonda cha mguu au ugonjwa wa njia ya mkojo vitibiwe kwanza. Damu inaweza kuganda mguuni na bonge likapanda mapafuni, kwa hiyo hutolewa dawa na mgonjwa huhimizwa kutembea mapema. Mguu mmoja unaweza kuwa mrefu kidogo kuliko mwingine. Nyonga inaweza kuchomoka, hasa miezi ya mwanzo. Na baada ya miaka mingi plastiki hulika au shina hulegea.

Hasara hii ya mwisho ni nzito zaidi kwa vijana. Katika kwaya yetu alikuwepo binti wa miaka 26 mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Ugonjwa huo huziba mishipa midogo ya damu, na kichwa cha mfupa wa paja kikikosa damu hufa na kubonyea. Kwa bibi wa miaka 72, nyonga ya miaka 25 inatosha kumfikisha mwisho wa safari. Kwa binti wa miaka 26, maana yake ni kupasuliwa tena angali na nguvu zake, na labda tena. Haina maana kwamba kijana asifanyiwe. Wapo wanaofanyiwa na kurudi kazini na kulea watoto. Lakini uamuzi wake ni mwingine, na asisukumwe kwa mfano wa bibi.

MAMA ANAAMUA

Tulikutana nyumbani kwa mama, ndugu wote, na wifi alikuwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza. Kila mmoja alisema lake. Mwishoni mama akauliza swali moja tu kwa wifi: "Mwanangu, tangu wakubadilishie mara ya pili, unalala usiku?" Wifi akajibu, "Nalala, mama." Mama akasema, "Basi. Na mimi nataka kulala."

Kuhusu imani, mama mwenyewe aliwajibu wenzake Jumapili iliyofuata. Aliwakumbusha kwamba Mfalme Hezekia alimwomba Mungu katika ugonjwa wake, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Akawaomba waendelee kumwombea, na waombee pia mikono ya daktari. Walifanya zaidi ya kuomba: walichanga. Sisi tuliuza ng'ombe wawili na wifi akatuma sehemu kubwa iliyobaki. Gharama si ndogo, na hutofautiana sana; kwa hiyo uliza mapema hospitali na bima yako hulipia nini, maana mara nyingine bima hulipia upasuaji na chuma chenyewe kikabaki juu yako. Jambo la kushukuru ni kwamba si lazima tena kusafiri nje ya nchi. Hapa Tanzania kazi hii hufanyika, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam na hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Mama alipasuliwa mwaka 2018 kwa ganzi ya mgongoni. Siku iliyofuata alisimama kwa kifaa cha kutembelea chenye miguu minne, akapiga hatua sita, akaniambia, "Lile jino lililokuwa linanitafuna limeng'oka."

MBUZI

Kabla hajatoka hospitali nilimfundisha miiko ya nyonga mpya kama nilivyowafundisha wengine. Usiinamishe kiuno na paja kupita pembe ya mraba. Usikunje miguu nne. Usigeuze kidole gumba kuelekea ndani. Lala na mto kati ya mapaja. Usikalie kitu cha chini. Fundi seremala wa kanisani alitutengenezea kiti kirefu chenye tundu, tukakiweka juu ya choo cha shimo ili asichuchumae, na kitanda chake tukakiinua kwa matofali. Nilijisifu kwamba nimefikiria kila kitu.

Siku ya kumwacha kijijini mama aliniuliza, "Na mbuzi je?" Mama ana mbuzi wanne. Nikamjibu, "Mbuzi waache mama, kijana atawaangalia."

Yeye alikuwa anaulizia mbuzi ya kukunia nazi.

Katika juma la sita, akiwa hana maumivu na akijiona mzima, alitaka kuwapikia wali wa nazi akina mama waliomchangia. Akaikalia ile mbuzi, magoti yakiwa juu ya kiuno, akainama mbele akikuna. Alipotaka kujiinua alisikia mlio, "ko!", akaanguka ubavu. Waliomkuta waliuona mguu umekuwa mfupi na umegeuka ndani. Hizo ni dalili za nyonga iliyochomoka, na ukiziona usivute, usinyooshe, usimpe chakula wala maji; mtegemeze kwa mito na mpeleke hospitali upesi. Alisafirishwa nyuma ya gari dogo katika barabara yenye mashimo, na kila shimo nililielezwa baadaye.

Hospitalini walimpa nusukaputi, wakauvuta mguu na kuirudisha nyonga mahali pake bila kumpasua. Eksirei ikaonyesha shina na kikombe viko salama. Mimi nilifika jioni. Niliketi kando ya kitanda kile cha pili kama nilivyoketi kando ya kile cha kwanza, na nililia, kwa maana mara mbili mama aliumia kwa sababu muuguzi wake hakumsikiliza vizuri. Mama akanishika mkono na kusema, "Nilikuuliza, nawe ukanijibu habari za wanyama." Kisha akacheka, nami nikacheka katikati ya machozi.

Nilimpigia wifi nikitegemea maneno makali. Alisema tu, "Pole, wifi. Mwambie mama nami nilipata kujisahau. Tumshukuru Mungu haikuvunjika." Tangu siku ile tumekuwa ndugu kweli kweli.

Ile mbuzi fundi aliifunga juu ya benchi refu. Sasa mama hukuna nazi akiwa ameketi kama mwalimu mezani, na akina mama wawili wenye magoti mabovu nao wameagiza za namna hiyo.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Kama wewe au mzazi wako mmeshauriwa kubadilisha nyonga, chukua karatasi na kalamu, na usione haya. Kuuliza si ujinga.

1. Je, tatizo ni nyonga kweli, na tumejaribu njia nyingine, kama fimbo, mazoezi na kupunguza uzito?
2. Mpira ni wa nini na kikombe ni cha nini? Aina hii imetumika kwa miaka mingapi?
3. Kama itachomoka au kupata vijidudu, nani atanihudumia na wapi?
4. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na mazoezi na kurudi kliniki?
5. Naweza kupewa karatasi yenye jina na namba ya kiungo nilichowekewa?

Swali la tano wengi hulisahau. Itunze karatasi hiyo pamoja na cheti cha ubatizo. Utaihitaji ukifanyiwa kipimo cha MRI, ukipita kwenye mitambo ya kukagua wasafiri, au siku aina hiyo ikitangazwa kuwa na kasoro. Kama uliwekewa zamani nyonga ya chuma juu ya chuma, usiogope, lakini nenda ukapimwe hata kama huna maumivu.

Na la sita ni kwetu sisi tunaotunza: mweleze mgonjwa aonyeshe siku yake yote, tangu anapoamka mpaka anapolala, anakaa juu ya nini, anapikia wapi, anasalije, anaoga vipi. Vitabu vyetu huzungumzia sofa na magari. Havikuandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mkeka, kigoda na jembe.

Miaka imepita sasa. Mama hutembea na fimbo moja, na ukimtazama vizuri utaona anayumba kidogo upande wa kulia. Hapigi magoti kama zamani. Huketi kwenye benchi la mbele na kuinamisha kichwa. Mwanzoni jambo hilo lilimsumbua, akadhani anamkosea Mungu heshima. Mchungaji wake akamkumbusha habari za Yakobo pale Penieli, aliyeguswa uvungu wa paja akaondoka akichechemea, na bado alikuwa amebarikiwa.

Mama alifikiri kidogo akasema, "Tena yeye hakuwekewa titani."

Mungu awabariki nyote, na awape masikio ya kuwasikia wazazi wenu wanapouliza.